"Ndoo mbee ujilisi": uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi wa bara na maneno ya Kiamu

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika shule ya bweni ya wasichana, Tanzania bara, mbali sana na pwani. Jina la shule, mkoa na mwaka vimeondolewa, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mwanafunzi tutamwita Kabula, ingawa hilo si jina lake. Alikuwa kidato cha tano, akisoma mchepuo wenye Kiswahili, na kwao wanazungumza Kisukuma. Insha zake zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa kama mfano. Nalitaja hili mapema kwa sababu yaliyofuata hayakumpata mtoto asiyejua lugha. Yalimpata mmoja wa wanaoijua vizuri.

Idara ya Kiswahili iliandaa siku ya fasihi, na kila mkondo ulitakiwa kutoa mghani mmoja. Kabula alipangiwa beti za mwanzo za Utendi wa Mwana Kupona, nami nikakabidhiwa kumwandaa. Utendi huo ulitungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu wa kisiwa cha Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, akimwusia bintiye Mwana Hashima. Kila ubeti una mishororo minne ya mizani nane nane. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne unabeba kina cha bahari kinachorudi utendi mzima.

Lugha yake ni ya kaskazini, Kiamu (lahaja ya Lamu) na jamaa zake. Ugumu wote unaanzia hapa. Kiswahili tunachofundisha darasani kimejengwa juu ya Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji mwaka 1928 na kusimamiwa na kamati ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930. Mtoto wa bara hukua akiamini kwamba sauti za Kiunguja ndizo sauti za Kiswahili, basi. Akikutana na Kiamu hajui kama amekutana na neno geni, neno la kale, au kosa la mpiga chapa.

Hali ilivyokuwa mwanzoni

Kabula alipewa nakala isiyo na maelezo, na kwa siku chache tu akawa ameshika beti zote kichwani. Alipoghani mara ya kwanza ofisini, walimu wawili walipiga makofi. Sauti yake ni nzuri na hana woga. Nilimwomba aketi anisimulie kwa maneno yake mwenyewe alichokuwa akikisema. Ubeti wa tatu unasema hivi:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na qaratasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

"Mama anamwambia binti achukue ndoo atangulie mbele, mwalimu," alisema. "Ujilisi nadhani ni ujasiri. Aende kwa ujasiri."

Nikamuuliza wino na karatasi vinafanya nini kwenye safari ya maji. Alinyamaza, akacheka kidogo, akasema kwamba hilo nalo lilimsumbua, lakini alidhani washairi huwa wanachanganya mambo.

Tuliandika vyote vilivyokwenda kombo. "Upulike wasiati", yaani usikilize wosia, alikuwa akiisoma "ulipuke wasiati", ulimi umekimbilia neno linalojulikana. "Neno lema" aliliweka karibu na kilema, akadhani mama ana neno baya la kusema. "Bismillahi kutubu" aliielewa kuwa ni kuomba toba. Na "maradhi yamenshika" ilitoka "malazi yamenishika", yaani shuka na godoro ndivyo vimemkamata mgonjwa. Kosa hilo la mwisho lilikuwa la matamshi peke yake: maana ya maradhi aliijua tangu darasa la tatu.

Mtu akisikiliza kutoka nyuma ya ukumbi asingegundua mengi ya haya. Mghani mwenye sauti nzuri anaweza kuubeba utendi mzima bila kuuelewa, na hadhira ikamshangilia.

Uamuzi wa kwanza: orodha ya msamiati

Idara iliamua aandaliwe orodha ya maneno magumu, yapangwe kialfabeti, na maana zake zitoke kwenye kamusi. Sababu zilikuwa za kueleweka: muda ulikuwa mfupi, na wanafunzi wetu wamezoea kusoma msamiati kwa njia hiyo kwa ajili ya mitihani.

Orodha ilikwama mapema. Maneno kama "mbee" na "lema" hayana kitomeo katika kamusi ya kawaida ya shule kwa sura hizo. "Pulika" lipo, lakini lazima kwanza ujue kuvua kiambishi cha nafsi na kurudisha irabu ya mwisho, na asiyelijua neno hajui avue wapi. Hatari kubwa kuliko zote ilikuwa "ndoo". Kamusi inajibu bila kusita kwamba ni chombo cha kuchotea maji. Mwanafunzi anafunga kamusi akiwa ametulia, kosa lake limepigwa muhuri.

Kabula aliikariri orodha yote. Ukimuuliza "negema", anakujibu "sogea karibu". Ukimrudisha kwenye ubeti, anaghani vilevile kama siku ya kwanza. Maana zilikaa kwenye daftari, sauti zikakaa kooni, na mshororo ukabaki katikati bila mwenyewe.

Uamuzi wa pili: kusikiliza rekodi

Mwalimu mwenzetu alipendekeza asikilize waghani wa pwani kwenye simu. Nilikubali kwa hamu, kwa sababu sauti haifundishiki kwa chaki. Kabula akasikiliza wawili, jioni baada ya jioni, kwa simu ya matroni.

Alichokipata kwanza ni mahadhi. Alirudi akiwa na mahadhi mazuri ya kaskazini, irabu zimevutwa, na konsonanti zimezama ndani ya uimbaji. "Maradhi" sasa ilikuwa "mara-a-a" kisha kitu kisichosikika. Aidha wale waghani wawili hawakukubaliana: mmoja alitamka neno hivi, wa pili vingine, naye hakuwa na kipimo cha kumwambia tofauti ipi ni ya lahaja, ipi ni ya nakala, na ipi ni kuteleza tu kwa ulimi. Tofauti za nakala ni jambo la kweli. Utendi huu uliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo kwa uandishi wa zamani ilitumia alama moja kwa "i" na "e", na moja kwa "u" na "o", na herufi moja ikabeba sauti kadhaa za Kiswahili. Aliyeuhamishia kwenye herufi za Kirumi alilazimika kuchagua, na wachaguzi hawakuchagua sawa.

Tulisimamisha rekodi kwa muda. Kuzifuta kabisa lingekuwa kosa, na nitaeleza zilirudi lini.

Uamuzi wa tatu: kuyagawa maneno mafungu

Tuliiacha alfabeti. Tukachukua beti nne za kwanza tu, tukaweka kila neno geni katika moja ya mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni maneno ambayo Kabula aliyajua tayari, ila yamevaa sauti za kaskazini. Nilimwandikia jedwali dogo ubaoni: penye "nj" ya Kiunguja, Kiamu mara nyingi huwa na "nd", kwa hiyo njia ni ndia, njaa ni ndaa. Penye "j", mara nyingi utasikia "y": moja ni moya, juu ni yuu. Penye "ch", mara nyingi ni "t": nchi ni nti, macho ni mato, kichwa ni kitwa. Sikumwambia lolote kuhusu ubeti. Nilimpa chaki tu.

Alisimama mbele ya ubao akisoma kwa midomo, kisha akaandika "ndoo", akafuta "nd", akaweka "nj". Alikaa kimya sekunde kadhaa. "Njoo mbele," akasema. "Anamwita!" Kisha bila kuulizwa akarukia ubeti wa nne, "umtaye" akaigeuza kuwa umtaje, na "pamoya" kuwa pamoja. "Mbee" nilimsaidia: ni mbele iliyodondosha "l". "Lema" aliipata mwenyewe kwa njia nyingine, kwa kulinganisha "neno langu" na "neno lema", akaona kwamba ni upatanisho uleule wa ngeli, penye "jema" ya sanifu.

Fungu la pili ni maneno ya asili ya Kiarabu ambayo sanifu haiyatumii kwa sura hiyo. Hapa tulitafuta ukoo wa neno. "Ujilisi" si nomino. Ni kitenzi, na "u" ni nafsi ya pili: uketi. Ndugu yake ni majilisi, mahali pa kukaa watu. Kilichompoteza ni irabu ya mwisho, kwa kuwa alitegemea "e" ya dhamira tegemezi kama katika "upulike". Lakini vitenzi vya asili hiyo havibadili irabu: tunasema urudi, ufikiri, usafiri, na hakuna anayeshangaa. "Kutubu" nayo ina ndugu anaowajua vizuri: kitabu, katibu, maktaba. Binti anaagizwa aandike Bismillahi.

Fungu la tatu ni maneno ambayo kweli yamepotea kwenye Kiswahili cha kila siku cha bara: "negema" na "pulika". Kwa haya hakuna jedwali wala ukoo unaosaidia. Tuliyachukua kutoka kwenye kamusi, tukayapima kwa mshororo, tukayatungia sentensi za bwenini. Kwa wiki nzima Kabula alikuwa akiwaambia wenzake "nipulikeni", na mabinti wa bweni lile wakalichukua neno kama lao.

Uamuzi wa nne: mizani kabla ya mahadhi

Kwa matamshi tulianza na kugonga meza. Ndo-o-mbe-e-u-ji-li-si: nane. Aliyekuwa akisema "ndo mbe" kwa kumeza irabu ya pili alijisikia mwenyewe akipungukiwa. "Yamenshika" ilihitaji "n" isimame kama silabi kamili, ma-ra-dhi-ya-me-n-shi-ka, na vilevile "m" ya "kutamka". "Binti" ni bi-n-ti, vinginevyo mshororo wa kwanza wa utendi mzima unachechemea. Mghani akizoea hesabu hii hahitaji mwalimu wa kumwambia amekosa wapi.

Ndipo tukampata mwenyeji. Mwalimu mmoja ana shangazi wa mke wake, mwanamke mtu mzima aliyezaliwa Lamu, akakubali kupigiwa simu. Kabula alisalimia, "Shikamoo bibi," akaitikiwa, "Marahaba mjukuu wangu," na moja kwa moja akaanza kughani kwa mahadhi yake yote. Bibi alimwacha afike mwisho wa ubeti, akasema neno moja ambalo liko kwenye ukuta wa ofisi yetu hadi leo:

"Nena kwanda, kisa uimbe."

Sema kwanza, kisha uimbe. Katika maneno manne tulipewa masomo matatu: agizo lenyewe, "kwanda" penye "nz" yetu, na "kisa" yenye maana ya kisha, ambayo ilituangazia "ukisa kutaqarabu" ya ubeti wa nne, yaani ukiisha kukaribia. Kabula alilikamata lile la tatu kabla yangu kulitaja.

Bibi alimrudisha kwenye "maradhi" mara nyingi, taratibu, bila ukali. Ulimi uonekane kati ya meno. Na "r" isilegee. Baada ya hapo ndipo tukazirudisha rekodi, na safari hii zilimfaa sana, kwa kuwa alikuwa na kipimo.

Mabishano mawili ndani ya idara

La kwanza lilikuwa la usanifishaji. Mwenzetu mmoja, mwalimu mwenye uzoefu mkubwa, alitaka nakala ibadilishwe: "njoo mbele", "neno jema", "pamoja". Hoja yake ilikuwa na uzito. Hadhira itaelewa, na mizani haivunjiki, kwa sababu njo-o-mbe-le ni nne kama ndo-o-mbe-e. Tulikataa kwa sababu ya kina. Mshororo wa mwisho wa ubeti wa kwanza unaishia "ukazingatia", wa pili na wa tatu "kukwambia", wa nne "pamoya". Weka "pamoja" na kina cha bahari kimekatika. Sauti ya Kiamu pale ndiyo nguzo ya utungo. Badala ya kubadili maneno, tuliamua Kabula aeleze ubeti kwa sentensi mbili za sanifu kabla ya kuanza.

Tulikubaliana pia asiige kila kitu cha Kiamu. Wenyeji wana "t" mbili, ya kwenye meno na ya kwenye ufizi, na wana mpumuo unaotofautisha tembo mnyama na tembo la mnazi. Mtoto wa bara akijaribu yote hayo kwa wiki chache ataishia kuwachekesha watu juu ya lahaja ya wenzetu, nasi tulitaka aiheshimu. "Q" ya "qaratasi" tuliiruhusu iwe "k".

La pili lilihusu "hadithi". Tazameni tena ubeti wa tatu: "ujilisi", "qaratasi", "hadithi". Kina ni "si", "si", kisha "thi". Kabula, ambaye kwa ulimi wa nyumbani angesema "hadisi" tangu mwanzo, aliuliza swali zuri kuliko yote niliyosikia mwaka ule: kama kina kinataka "si", mbona mnanikosoa? Nilishikilia "thi", kwa kuwa ndivyo neno lilivyo na ndivyo nakala inavyoliandika, na sikio la watunzi wa tendi lilikubali sauti zinazokaribiana zikae pamoja kwenye kina. Si kila mwalimu aliridhika.

Matokeo

Siku yenyewe Kabula alisimama, akaeleza kwa sentensi mbili, akaghani. Alisita mara moja, kwenye "kutaqarabu", akavuta pumzi, akaendelea. "Maradhi" ilitoka safi. Ukumbi ulicheka kwa furaha aliposema kwamba "ndoo" hapa si ya maji, kisha ukatulia ukasikiliza, na utulivu ule wa wanafunzi wanaofuata maana ni tofauti na ule wa wanaosubiri kupiga makofi.

Kipimo nilichokithamini zaidi kilikuja baadaye, darasani, nilipoandika ubaoni maneno ya Kiamu yasiyo katika beti zake. Aliyafungua mengi bila msaada: "ina" akasema ni jina, "mai" akasema ni maji. Wenzake waliosoma kwa orodha ya zamani walibaki wakisubiri wapewe maana.

Kulikuwa na hasara moja ambayo haikutarajiwa. Baada ya kufundishwa "dh" kwa bidii, Kabula alianza kuipachika pasipohusika: "dhawadi", "dhiara", "dhamani za kale". Kosa hili lipo nchi nzima, mpaka kwenye mabango na kadi za harusi, nalo huwapata hasa watu wanaojitahidi. Tulilipunguza kwa kumpa jozi, "dhana" na "zana", akatunga sentensi zinazoharibika ukizibadilisha, lakini hadi anamaliza kidato cha tano halikuwa limekwisha.

Uchambuzi

Orodha ilishindwa kwa sababu iliyachukulia maneno yote magumu kuwa na ugumu mmoja. "Ndoo" na "negema" yalikaa kwenye ukurasa mmoja kana kwamba ni ndugu, ilhali la kwanza linahitaji kanuni ya sauti na la pili linahitaji kukaririwa na kutumiwa. Kanuni tatu za sauti zilifungua maneno mengi kwa mkupuo, yakiwemo ambayo hakuwa ameyaona bado, na hapo ndipo muda mwingi uliokolewa.

Mizani ilikuwa fundi mzuri wa matamshi, lakini isitegemewe kwa maana. "Kutubu" ya toba na "kutubu" ya kuandika zina silabi zilezile tatu. Kilichoamua ni ubeti uliotangulia: mama ameshaita wino na karatasi, basi kinachofuata ni kuandika. Swali la kwanza nililomuuliza, wino unafanya nini kwenye safari ya maji, lilikuwa na kazi kuliko kamusi, na mwalimu anaweza kuliuliza hata kama yeye mwenyewe hajui neno. Kabula alikuwa ameuona mgongano ule tangu mwanzo. Alichokosa ni ruhusa ya kuuamini. Tumewazoesha wanafunzi kwamba ushairi wa kale hauna budi kuwa na giza, kwa hiyo maana ikigoma wanasonga mbele.

Rekodi hazikuwa mbaya. Zilitangulizwa. Anayesikia mahadhi kabla ya maneno hushika mahadhi, kwa sababu ndiyo rahisi kushika. Na mwenyeji mmoja kwenye simu alitupa kitu ambacho rekodi haina: alimsikia Kabula, akamrudisha palepale alipokosea.

Kilichobaki wazi ni "dh". Nikipata mwanafunzi mwingine nitaanza na jozi za "dhana" na "zana" siku ileile ninayofundisha sauti yenyewe, mtoto ajue mahali isipokaa sawasawa na mahali inapokaa. Kuhusu "hadithi", idara bado imegawanyika. Mwenzangu mmoja huwaambia wanafunzi wake waseme "hadisi" katika ubeti huo mmoja tu kwa ajili ya kina, nami nawaambia wangu waseme "thi", na wote wawili tumekubaliana kuwaeleza wanafunzi kwamba upande wa pili upo na una hoja.